Mguu Kwenye Breki Kwanza, Kisha Mkono Kwenye Gia



Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana hatutazungumzia upishi wala ushonaji. Tutazungumzia gari. Zamani mazungumzo ya gari yalikuwa ya akina baba na madereva wa ofisi, sisi tukikaa kiti cha nyuma na vikapu vyetu. Leo mambo yamebadilika. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na tangu Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mji wetu umetanuka sana. Mama anaishi Nzuguni, watoto wanasoma Kisasa, kazi iko katikati ya mji na soko lake ni Majengo. Jumapili, kama ana gari, hubeba nusu ya kwaya.

Magari tunayoendesha wengi wetu ni yale yaliyotumika kwanza Japani, yakaletwa kwa meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mengi ya hayo ni otomatiki, yaani hayana klachi. Lakini wengi wetu tulijifunza udereva kwenye gari la klachi. Tulipoingia kwenye otomatiki tuliambiwa tu, "Hili ni rahisi, weka D uende." Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yote. Kitabu cha maelekezo kimo kwenye kisanduku cha mbele, lakini kimeandikwa Kijapani.

Nasi pia tuliridhika na mafunzo hayo mpaka siku ile ya getini.

KISA CHA GETINI

Tulikuwa kina mama watatu, tukitoka kutoa pole msibani. Ilikuwa yapata saa moja jioni na giza lilikuwa linaingia. Mwenzetu aliyekuwa akiendesha alifika kwake, akaelekeza pua ya gari getini, akaacha injini ikinguruma na taa zikiwaka ili aone kufuli. Akasukuma mkono wa gia mbele kwa haraka, akafungua mlango na kushuka. Alikuwa na hakika kabisa kwamba ameweka P.

Hakuwa ameweka P. Mkono ulikuwa umeishia R.

Alipofikisha mguu wa pili chini, gari lilianza kurudi nyuma. Halikwenda kwa kishindo. Lilikwenda polepole tu kama mtu anayetembea. Sisi wawili tuliokuwa ndani tulipiga kelele. Yeye alikimbia pembeni ya mlango uliokuwa wazi akijaribu kuushika usukani, mlango ukampiga ubavuni, akaanguka na kuchubuka magoti. Ng'ambo ya barabara palikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi, na kando ya lundo hilo alikuwa ameketi kijana mdogo na beseni lake la karanga. Kelele zetu zilimwamsha. Aliruka, beseni likabaki. Gari lilipita juu ya beseni, likagota kwenye mchanga na kusimama, matairi bado yakitaka kuzunguka. Aliyekaa mbele ndipo alipopata akili ya kuvuta breki ya mkono na kuzima injini.

Mwenzetu alijikokota mpaka kwa yule mtoto. "Mwanangu, umeumia?"

"Hapana, mama. Ni karanga tu zimemwagika."

Tulimlipa karanga zake na beseni lake, tukampeleka kwao na kuwaeleza wazazi wake yaliyotokea. Usiku ule hatukula. Kila mmoja wetu alikuwa akifikiri jambo moja: je, kama angekuwa amesinzia?

Kesho yake tulilipeleka gari kwa fundi tukisema limeharibika. Fundi alilikagua lote. Halikuwa na kasoro yoyote. Akamwuliza mwenzetu, "Mama, ulipoweka gia uliitazama herufi?"

"Sikutazama, fundi. Nilisukuma tu mpaka mwisho."

"Mkono haujui kusoma, mama. Macho ndiyo yanayosoma."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike ukurasa huu.

KWA NINI GARI LINAJIENDEA?

Katika gari la klachi, ukiondoa miguu yote gari likiwa na gia na injini inawaka, aghalabu injini huzima. Gari lenyewe linakupa adhabu na onyo. Otomatiki halizimi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo kilichojaa oili. Fikiria feni mbili zinazotazamana: ukiwasha moja, upepo wake huizungusha na ile nyingine hata kama haijaunganishwa na umeme. Ndani ya chombo hicho injini huisukuma oili, na oili huisukuma giaboksi. Kwa sababu hiyo, gari likiwa kwenye D au R na injini ikiwaka, hutambaa lenyewe hata kama hujagusa mafuta. Kinacholizuia ni mguu wako kwenye breki, basi.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Gari la otomatiki limetupunguzia kazi ya klachi, lakini halikutupunguzia kazi ya kuangalia. Mguu uwe kwenye breki kabla mkono haujagusa gia, na macho yasome herufi kabla mguu haujaondoka kwenye breki.

HERUFI MOJA MOJA

Tuzisome pamoja, kwa mpangilio ulivyo kwenye magari mengi.

P ni ya kuegesha. Ndani ya giaboksi kuna jino dogo la chuma ambalo huingia kwenye pengo la gurudumu lenye meno na kulifunga. Kwa hiyo P huwekwa gari likiwa limesimama kabisa. Ukiiweka gari likiwa bado linasogea, utasikia mlio wa kukwaruza. Hilo ni jino linalogonga meno, na siku moja litakatika. Kumbuka pia kwamba jino hilo ni dogo. Si haki kulibebesha gari zima mlimani bila msaada wa breki ya mkono.

R ni ya kurudi nyuma. Weka gari likiwa limesimama. Kabla ya kuingia garini, lizunguke kwa miguu. Mtoto mdogo aliyechuchumaa nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote. Nyumbani kwenye watoto, hesabu vichwa kwanza. Kila mtoto awe ameshikwa mkono na mtu mzima au awe ndani ya gari.

N ni gia huru. Injini haikamatani na matairi, na wala hakuna jino linalofunga. Gari lililo kwenye N ni kama toroli: penye mteremko litakwenda. Usishuke kwenye gari lililo kwenye N.

D ni ya kwenda mbele, nayo ndiyo tutakayotumia karibu wakati wote. Gari litajibadilishia gia lenyewe kadiri mwendo unavyoongezeka au kupungua.

2 na L ni za mwendo mdogo wenye nguvu. Ukiweka 2, gari haliendi zaidi ya gia ya pili. Ukiweka L, linabaki kwenye gia ya kwanza. Baadhi ya magari yana 3, mengine yana S, na mengine, hasa yale yanayotumia umeme na petroli pamoja, yana B. Hiyo B ni ya kushukia milima, si ya kurudi nyuma kama wengine wanavyodhani.

Kwenye mkono wa gia wa magari mengi ya miaka ya nyuma kuna kitufe kidogo cha pembeni. Ukikibonyeza, kwenye dashibodi huwaka taa iliyoandikwa O/D OFF. Wengine huiona taa hiyo wakadhani gari limeharibika. Maana yake ni kwamba umelizuia gari lisiingie gia yake ya juu kabisa. Inafaa kwenye mlima, lakini barabarani tambarare ukiiacha hivyo injini itapiga kelele na kula mafuta bure.

HERUFI HIZO ZILIPANGWA KWA SABABU

Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza gari la otomatiki kamili katika magari yake ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika magari mengi ya wakati ule R ilikaa jirani kabisa na L. Dereva aliyetaka L angeweza kupitiliza akaingia R. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1968 ilitaka N ikae katikati ya gia za mbele na ya nyuma. Ndiyo maana leo, hata kwenye gari lililotengenezwa Japani na kuendeshwa Kongwa, kati ya D na R utaikuta N kama ukuta.

Halafu kuna lile la kukanyaga breki ndipo mkono utoke P. Mwaka 1986 kulikuwa na malalamiko makubwa Marekani kwamba magari ya Audi 5000 yalikuwa yakiruka yenyewe mara dereva akitoa gia P. Serikali yao ilichunguza, na taarifa iliyotolewa mwaka 1989 ilieleza kwamba katika matukio mengi dereva alikuwa amekanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Kampuni hiyo iliweka kifungo ili mkono usitoke P mpaka breki ikanyagwe, na baadaye kifungo hicho kilienea kwenye magari ya kampuni nyingine. Ikiwa gari lako linatoka P bila kukanyaga breki, mwonyeshe fundi. Hasa kama una watoto wanaopenda kukaa kwenye usukani na kusema wao ni madereva wa basi.

Wala tusidhani kwamba kosa la mwenzetu ni la watu wasiojua magari. Tarehe 19 Juni 2016, mwigizaji kijana wa filamu, Anton Yelchin, mwenye umri wa miaka 27, alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya gari lake aina ya Jeep kurudi nyuma kwenye mteremko na kumbana kwenye nguzo ya geti. Miezi miwili tu kabla ya hapo, kampuni ilikuwa imetangaza kuyarudisha gereji magari zaidi ya milioni moja, kwa sababu mkono wake wa gia ulikuwa ukirudi katikati kila ukisukumwa, na madereva hawakujua kwa kugusa kama wameingiza P au la. Gari lake lilikuwa miongoni mwa aina hizo. Huko nako palikuwa na mteremko, geti, na dereva aliyeshuka. Tuliposoma habari hizo tulinyamaza kimya, tukamkumbuka kijana wa karanga.

NAMNA YA KUONDOKA NA KUSIMAMA

Tunashauri ufuate utaratibu huu kila siku bila kuruka hatua, kama unavyofuata utaratibu wa kuwasha jiko la gesi.

Unapoondoka: Kaa vizuri, funga mkanda. Tumia mguu wa kulia tu kwa breki na mafuta. Mguu wa kushoto uulaze pembeni, tena uupumzishe kabisa. Sisi tuliozoea klachi, mguu wa kushoto una mazoea yake. Ukikutana na kile kikanyagio kipana utakipiga kwa nguvu kama klachi, na waliokaa nyuma watapiga vichwa kwenye viti. Mguu ukiwa kwenye breki, washa injini ikiwa P. Toa gia P, iweke D, soma herufi kwenye dashibodi. Shusha breki ya mkono. Tazama vioo. Ndipo uachie breki polepole.

Unaposimama kuegesha: Kanyaga breki mpaka gari litulie kabisa. Weka N. Vuta breki ya mkono. Achia breki ya mguu kidogo, gari liegemee kwenye breki ya mkono. Kanyaga tena, weka P, soma herufi. Zima injini, chukua ufunguo. Kwa njia hiyo uzito wa gari unabebwa na breki ya mkono, na lile jino la P linabaki kuwa mlinzi wa pili.

Ukishuka kufungua geti, fanya hayo yote, hata kama ni dakika moja, hata kama mvua inanyesha. Na ikitokea gari limeanza kwenda bila dereva, usilikimbilie mbele wala nyuma yake, wala usijaribu kulizuia kwa mikono. Piga kelele watu waondoke njiani. Bati hunyooshwa gereji.

Wenye magari yasiyotumia ufunguo wa kuchomeka wawe waangalifu zaidi. Ufunguo uko kwenye mkoba, injini haina kelele, na mtu anaweza kuingia ndani akapika na kula huku gari linawaka nje.

Penye mteremko, zungusha pia matairi ya mbele. Gari likielekea chini, yazungushe kushoto, upande wa ukingo, ili likiteleza litoke barabarani badala ya kuingia. Likielekea juu na hakuna ukingo wa zege, vilevile kushoto. Penye ukingo wa zege na gari limeelekea juu, zungusha kulia, ili tairi lirudi na kuegemea ukingo. Jiwe nyuma ya tairi ni msaada mzuri, ila ukiondoka liondoe. Jiwe lililoachwa barabarani ni ajali ya mwenzako.

FOLENI NA MISAFARA

Kwenye taa za barabarani, au unapongoja kwa muda mfupi, baki kwenye D na mguu kwenye breki. Lakini sisi wa Dodoma tunajua kungoja kwingine, pale barabara inapofungwa ili msafara wa viongozi upite. Hapo weka N na uvute breki ya mkono, au weka P kabisa, upumzishe mguu. Ajali nyingi ndogo za kugonga bampa la mbele hutokea hapo: dereva amegeuka kumpa mtoto maji, mguu umelegea, na gari limetambaa.

Usiwahi kutoka R kuingia D, au D kuingia R, gari likiwa bado linasogea. Simama kwanza. Wala usikanyage mafuta kwenye N injini ikanguruma, kisha ukaingiza D. Gari litaruka na giaboksi itaumia.

TUKISAFIRI: MILIMA YA KATI

Uwanda wetu wa kati unaonekana tambarare mpaka uanze safari. Chukueni barabara ya Iringa kuja Dodoma. Iringa iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Mtera liko karibu mita 700. Katikati yake kuna mlima Nyang'oro na kona zake. Kisha baada ya Mtera mnapanda tena kuelekea Fufu mpaka Dodoma, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100.

Kosa la kwanza la kuteremka ni kuweka N "ili kuokoa mafuta." Tumelisikia mara nyingi, nalo si kweli kwa magari ya siku hizi. Gari likiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, mitambo hukata petroli yenyewe wakati wa kuteremka. Ukiweka N, injini inabaki peke yake nayo inahitaji petroli ili isizime. Zaidi ya hayo, umelipoteza zuio la injini, na uzito wote wa gari, abiria na magunia umeubebesha breki.

Kosa la pili ni kubaki D na kukanyaga breki mfululizo kuanzia juu hadi chini. Breki hupata moto. Kwanza utasikia harufu, kisha kanyagio hulegea, na mwisho unakanyaga lakini gari halishiki. Basi, kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo. Bonyeza kitufe cha O/D, au shusha gia D kwenda 3 au 2. Penye mteremko mkali sana na mwendo ukiwa mdogo kabisa, tumia L. Utasikia injini inanguruma. Usiogope, ndiyo inalishika gari. Breki zitumie kwa vipindi: kanyaga, punguza, achia. Madereva wa zamani wana kanuni nzuri: shuka mlima kwa gia ambayo ungetumia kuupanda. Usiingize L kwa ghafla ukiwa kwenye mwendo mkubwa, maana matairi yanaweza kuteleza.

Mlimani ukisimama, lishike gari kwa breki. Usilishikilie kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Oili ya giaboksi huchemka.

MATOPE, KUSUKUMA NA KUKOKOTA

Mvua zikianza Desemba, udongo wa vijijini kwetu huwa kama sabuni. Ukikwama, usirudie D, R, D, R huku matairi yanazunguka kwa kasi. Chimba mbele ya matairi, tandika matawi au mawe, weka 2 au L, uondoke taratibu.

Betri ikiisha, usiwaite vijana wasukume. Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, maana bila injini kuzunguka hakuna msukumo wa oili ndani ya giaboksi. Tafuta betri ya kuazimia moto. Kama mkono umegoma kutoka P kwa sababu umeme hakuna, tazama karibu na gia, magari mengi yana kitufe au kitundu kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, bonyeza hapo, na mkono utatoka kwenda N.

Gari likiharibika safarini, usikubali likokotwe kwa kamba kutoka Gairo mpaka Dodoma. Pampu ya oili ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa, vyuma vinasagana vikavu. Ni bora lipakiwe juu ya gari jingine, au yale matairi yanayoendesha gari yanyanyuliwe. Likiwa linaendesha matairi yote manne, yote yanyanyuliwe.

NA IKITOKEA GARI HALISHIKI

Tumemaliza na jambo la kuogofya, lakini ni heri kulijua. Mafuta yakinasa na gari likazidi kukimbia, kanyaga breki kwa nguvu zote bila kuachia, na usukume gia kwenye N. Injini itapiga kelele sana, iache ipige. Elekea pembeni, simama, weka P, ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari likiwa linakwenda, maana usukani unaweza kujifunga. Aghalabu mkosaji ni kapeti lililowekwa juu ya kapeti jingine likapanda kwenye kanyagio. Mwaka 2009 kampuni ya Toyota iliwatangazia wenye magari karibu milioni 3.8 nchini Marekani habari ya kapeti tu. Leo jioni ondoa kapeti la ziada upande wa dereva.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Akina mama wapendwa, kusoma peke yake hakutoshi. Jumamosi moja ingia garini, injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono imevutwa, mahali tambarare, na watoto wawe mbali. Weka ufunguo mahali ambapo taa za dashibodi zinawaka. Mguu kwenye breki, sogeza gia P, R, N, D, 2, L, kisha rudi. Kila mara itamke herufi kwa sauti, halafu tazama kwenye dashibodi kama umesema kweli. Fanya mara kumi. Kisha mwite baba watoto, au binti anayejifunza, naye afanye. Akicheka, mweleze habari ya kijana wa karanga.

Yule kijana bado anauza karanga mtaani pale, siku hizi upande wa pili wa barabara, mbali na geti. Mwenzetu akifika nyumbani hutaja herufi kwa sauti kabla ya kushuka, hata kama yuko peke yake. Majirani walidhani anaongea na mtu. Sasa wamezoea, na wawili kati yao wameanza kufanya vivyo hivyo.

Tukijaliwa, tutakutana tena mwezi ujao. Tunawatakia nyote safari njema.